Jina Nililofuta Nikaliandika Upya

Ninyi mliopata kazi ya kuandikisha watu, mnaokaa mbele ya skrini kutwa nzima mpaka kila mtu anaonekana mstari mmoja tu, nataka niwaambie habari ya mtoto aliyeitwa Leya. Najua mmezoea wazee wa kazi kuanza na shida za zamani, jinsi tulivyokwenda kwa miguu na kulala njaa. Hayo mmeshayasikia nyumbani kwenu. Mimi naanza na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kazi, na aliyelilipia si mimi.

Naitwa Esperanse, na wengi hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, wananiita Mama Espe. Kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa daktilo wa parokia, mpiga chapa wa barua na vyeti vya ubatizo. Nilipiga bila kutazama vidole. Vita vilipotutoa Kivu ya Kusini mwishoni mwa miaka ya tisini, sikubeba mashine, nilibeba vidole hivyo tu. Ndivyo vilivyonipatia kazi katika ofisi moja ndogo iliyokuwa ikisaidia kuandikisha wakimbizi. Mara nyingine tulikaa kwenye nyumba yetu ya mabati karibu na kijiji cha Misiera, mara nyingine tulipelekwa Kabazana, kule wageni wanakopokelewa kabla ya kupewa kiwanja.

Miaka ya mwanzo hatukuwa na kompyuta. Tulikuwa na kadi za karatasi ngumu, kadi moja kwa kila familia, na bwana wa kadi hizo alikuwa mzee Katabazi. Alikuwa sajini mstaafu, mtu wa Mbarara, aliyetumikia jeshi miaka mingi kama karani wa kumbukumbu. Wote tulimwita Afande. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na chenye amri ndani yake.

Wiki yangu ya kwanza nilikosea jina la mtu kwenye kadi. Nikatoa kichupa cha rangi nyeupe ya kufutia, nikapaka, nikapuliza, nikaandika jina sahihi juu yake. Nilijisifu, maana hukuweza kuona kitu. Katabazi aliinua kadi ile dirishani, akaitazama kwenye mwanga.

"Nani nafanya hii?"

"Ni mimi, Afande. Nimesahihisha."

"Hapana. Wewe naficha." Aliweka kadi mezani, akaniita bibi kwa lugha ya kwao. "Sikia, nyabo. Jina ya mtu hapana futa. Piga laini moja, ile ya zamani ibaki naonekana. Andika mpya juu. Halafu weka tarehe ya leo na sahihi yako. Kesho mtu nakuja kuuliza: nani nabadilisha, siku gani? Kadi najibu yenyewe."

Kile kichupa alikichukua akatia mfukoni, na sikujua kilikokwenda mpaka siku nilipoona nambari nyeupe, nzuri kabisa, imeandikwa kwenye bomba la baiskeli yake. Tulimcheka. Alisema hapo rangi ile imepata kazi yake.

Basi nilijifunza. Kadi zangu zilijaa mistari na tarehe ndogo ndogo pembeni, na zilikuwa mbaya kutazama. Lakini ukiuliza mtoto huyu aliongezwa lini kwenye familia, au nani alibadilisha umri wa huyu mzee, jibu lilikuwa pale.

Kisha ikaja kompyuta.

Aliyetuletea ni kijana wa Mbarara aliyeitwa Arinaitwe, fundi mwenye adabu, aliyetengeneza databesi yetu mwenyewe kwa wiki chache. Kila mtu alipata mstari wake: jina, mwaka wa kuzaliwa, uhusiano wake na mkuu wa familia, kijiji. Mwishoni kulikuwa na tarehe moja ambayo hukuiandika wewe. Ukimaliza kuingiza mtu, kompyuta iliiweka yenyewe. Ilikuwa tarehe ya kuingizwa, na haikubadilika kamwe. Hapakuwa na mahali palipoonyesha kwamba mstari umeguswa baadaye, wala aliyeugusa. Hatukuliona hilo kuwa pengo. Sisi tulishangilia kwamba sasa tunatafuta jina bila kupekua masanduku.

Katabazi aliendelea kuandika kadi Kabazana, mimi nikawa naziingiza wiki hiyohiyo. Baada ya muda alistaafu mara ya pili, akarudi Mbarara kwa mwanawe. Kadi zikapakiwa zikapelekwa mjini, na mimi nikabaki na kompyuta.

Miaka miwili hivi baadaye tuliamriwa kusafisha majina. Mengi yalikuwa yamekosewa, kwa sababu Mkongo hutamka jina kwa namna yake na Mnyankore wa huku hulisikia kwa namna yake. Sasa, kusahihisha jina kwenye databesi ile kulikuwa na mzunguko mrefu: ufungue dirisha moja, uombe ruhusa ya mkubwa, ufungue la pili, uhifadhi, usubiri. Mimi mwenye vidole vyepesi niligundua njia yangu. Nilifuta mstari mzima nikaupiga upya. Nusu dakika, kazi imekwisha. Jina lilitoka safi na hapakuwa na alama yoyote. Nilimaliza orodha yangu kabla ya wenzangu wote, na mkubwa alinisifu mbele ya watu.

Hamjaona nilichofanya? Mimi pia sikuona. Kila mstari nilioupiga upya ulipewa tarehe mpya ya kuingizwa. Kwa macho ya kompyuta, watu wale walikuwa wamefika Nakivale siku ile nilipowafuta.

Mwaka mmoja ukapita. Siku moja asubuhi akaja mwanamke niliyemfahamu, Nabintu, mkulima aliyekuwa pia akiuza unga wa muhogo na ndagala, yaani dagaa, Misiera. Alikuwa amefika Nakivale miaka mitatu nyuma na wanawe wawili, na mama mkwe wake, bibi tuliyemwita Koko Anyesi, na mtoto wa kike mgongoni, Leya. Mumewe alibaki Kivu na hakuna aliyejua kama yu hai. Familia ile ilikuwa imeitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya mbali. Nabintu alikuwa na barua mkononi, na kwa kuwa hakujua kusoma, alitaka nimsomee.

Barua ilisema familia imekubaliwa: Nabintu, wavulana wawili, na Koko Anyesi. Leya hakukubaliwa.

"Banasema huyu mutoto si wa kwetu," Nabintu aliniambia. "Ile mama wa mahojiano aliniuliza, 'Huyu ni binti yako?' Nikasema hapana, ni mutoto wa dada yangu, dada alikufia njiani. Akatazama mu makaratasi yake. Akasema hapa imeandikwa binti, na tena aliingia miaka mbili nyuma yenu. Mama Espe, miye nilimubeba ku mugongo tangu kule! Alikuwa ananyonya bado. Namna gani aliingia nyuma yetu?"

Nilifungua kompyuta. Watu wanne, tarehe moja. Leya, tarehe nyingine, miaka miwili baadaye. Niliitambua tarehe ile. Ilikuwa ya wiki niliyosifiwa.

Na hilo neno "binti" lilikuwa langu vilevile. Databesi haikuwa na nafasi ya mtoto wa dada, nikachagua lililokuwa karibu. Mtu akitazama kutoka mbali, kila kitu kilionyesha mwanamke aliyemchomeka mtoto wa watu kwenye familia yake baada ya kusikia habari za safari. Mambo hayo yalikuwa yakitokea kweli, na yule mama wa mahojiano alifanya kazi yake kama alivyofundishwa.

Nilipaswa kusema palepale. Sikusema. Nilimwambia Nabintu nitaulizauliza. Nilikuwa mjane, kazi ile ndiyo iliyokuwa ikinishikilia, na nilijiambia labda wataangalia tena wenyewe. Siku ya pili nilimuuliza Arinaitwe, kwa kuzunguka, kama kompyuta inaweza kukosea tarehe.

"Mama, kompyuta hapana danganya," alisema. "Yeye naweka siku ile mtu naingizwa. Kama mtu nafutwa na narudishwa, kwa yeye huyo ni mtu mpya."

"Na yule wa kwanza?"

"Wa kwanza? Hakuna. Kama hakuzaliwa."

Nikanyamaza siku tisa. Nawaambia hesabu hiyo kwa sababu nilizihesabu.

Siku ya kumi akaja Koko Anyesi, peke yake na mtoto. Alikuwa amemfunga Leya mgongoni kwa kitenge, mtoto wa miaka mitano mwenye miguu mirefu inayoning'inia, na bibi mwenyewe ameinama mpaka karibu kugusa magoti. Alikataa kiti.

"Binti yangu, miye sijue kusoma," alisema. "Lakini nasikia ni wewe unaandika batu na unabafuta. Jina yangu iko mule?"

"Iko, Koko."

"Basi uifute. Weka ya huyu mutoto mu fasi yangu. Miye niko muzee, nchi ya mbali nitaifanyia nini? Nabintu anasema haendi bila mutoto, na banamuambia asipokwenda yote inaisha. Wewe futa tu. Hakuna mutu atalia."

Nilimwambia haiwezekani. Akauliza, "Ni kazi nguvu, kufuta?"

Ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kesho yake nilipanda gari la Mbarara kumtafuta Katabazi. Nilimkuta nyuma ya kambi ya jeshi, ambako mwanawe, naye askari, alikuwa akiishi na mkewe na watoto. Alikuwa amekaa nje anachambua maharage na wake za askari wawili. Macho yalikuwa yamepungua nguvu lakini mgongo bado umenyooka. Nilimwambia yote mbele ya wanawake wale, kwa sababu nilijua nikisubiri kuwa naye peke yake nitapunguza maneno.

Alisikiliza bila kuacha maharage. Nilipomaliza akauliza, "Wewe nafuta watu ngapi?"

"Sijui, Afande. Wengi."

"Mimi nafundisha wewe nini?"

"Nilidhani kompyuta ni kitu kingine."

Alisimama, akaomba fimbo yake. "Kadi iko Nyamitanga. Twende."

Tulivuka daraja la mto Rwizi kwa miguu, taratibu, mkono wake begani kwangu. Ofisi ilikuwa imepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya mtu upande ule wa mto, karibu na shule ya masista. Mwenye nyumba alitudai barua ya ofisi, tukamwonyesha sura zetu tu, akatufungulia. Masanduku yalikuwa yamepangwa mpaka darini, na ya chini yalikuwa yameliwa na mchwa. Siku ile hatukupata kitu. Nililala kwa mwanawe Katabazi, tukarudi asubuhi.

Adhuhuri niliiona. Kadi ya Nabintu, kwa mwandiko wa Katabazi, mnyoofu kama gwaride. Majina matano, wino mmoja, siku moja. La mwisho aliliandika "Reya". Pembeni kulikuwa na maneno: "Mtoto wa dada, dada marehemu, ananyonya." Chini yake tarehe na sahihi.

Nilimsomea. Aliposikia "Reya" alicheka kidogo, maana kwao herufi ile ya L haina kazi nyingi. Halafu akaacha kucheka.

"Basi kosa ya kwanza ni yangu," alisema. "Lakini yangu naonekana. Yako hapana onekana."

Nilirudi na kadi ile kifuani. Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi wenu mtajaribiwa. Kadi peke yake haikutosha. Mtu angeuliza kwa nini karatasi inasema hivi na kompyuta inasema vile, na angeamini kompyuta. Ilibidi pawe na barua inayoeleza jinsi mstari ulivyofutwa, nani aliufuta, na lini. Niliipiga mwenyewe. Barua ya ukurasa mmoja, na mimi niliyekuwa nikipiga ukurasa kwa dakika chache, niliifanya asubuhi nzima.

Mkubwa wetu alikuwa mwanamke wa haki na mkali. Aliisoma mara mbili. Hakunifukuza. Aliniondoa kwenye kompyuta, akanipeleka Kabazana kupanga foleni na kugawa namba za zamu, na nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Watu waliuliza Mama Espe amefanya nini. Nilikuwa nikiwajibu.

Lakini kabla ya hayo nilikwenda Misiera, kwenye meza ya Nabintu. Alikuwa anapima unga kwa kopo. Nikamwambia, "Ni mimi nilifuta jina ya mutoto. Lilikuwa limeandikwa vibaya. Nikalifuta nikaliandika tena, tarehe ikabadilika. Wewe hukusema uongo. Ni mimi."

Alimaliza kumpimia mteja, akafunga mfuko, akaupokeza. Kisha akanitazama.

"Ulifuta ju ya nini? Haukuweza kutengeneza tu?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda fasi gani?"

Mteja mwingine akaja, akahudumiwa. Nabintu hakunitukana, hakupiga kelele. Aligeuka akaanza kupanga ndagala zake, na nikaelewa mazungumzo yamekwisha.

Kadi na barua vilipelekwa. Jibu lilichelewa, kwa kuwa ile nafasi ya kwanza ilikuwa imeshapita na faili ilibidi ianze upya kwenye foleni. Huku nyuma Arinaitwe alikaa na mkubwa wakabadilisha databesi. Sasa kila mstari ukawa na tarehe mbili, ya kuingizwa na ya kubadilishwa mara ya mwisho, na jina la aliyebadilisha. Kufuta kukaondolewa kabisa. Mtu akitoka, unamwekea alama kwamba ametoka, naye anabaki pale na tarehe zake.

Ikabaki mistari yangu ya zamani. Arinaitwe alitaka kuacha tarehe zilizopo. Niliomba nirudishwe mezani kwa kazi hiyo moja. Masanduku yaliletwa kutoka Nyamitanga, tukachukua kadi moja moja, yeye akisoma na mimi nikipiga, wiki baada ya wiki. Tarehe ya kweli tuliirudisha pale tulipoipata. Pale mchwa walipokuwa wamekula, tuliandika kwamba haijulikani, na mimi nikaweka jina langu. Baadhi ya watu wale walikuwa wameshaondoka Nakivale, na sikuwahi kujua kama kuna aliyenyimwa kitu kwa ajili ya tarehe niliyompa. Hilo halina kadi.

Msidhani baada ya hapo tarehe zilikuwa salama. Betri ndogo ndani ya kompyuta ilikufa wakati fulani, saa yake ikarudi nyuma miaka mingi, nasi mchana kutwa tukaandikisha watoto wachanga ambao kwa kompyuta walikuwa wamefika Nakivale kabla mama zao hawajazaliwa. Mama mmoja aliposomewa alisema mwanawe basi apewe kiwanja cha kwanza, kwa kuwa ametangulia watu wote. Tangu siku hiyo, kabla ya chai, nilitazama saa ya mashine na saa ya mkononi. Fanyeni hivyo.

Koko Anyesi alikufa wakati wa kungoja. Alianguka shambani, akaishi siku mbili. Nilikwenda mazishini nikasimama nyuma. Wiki mbili baadaye, Nabintu alikuja ofisini kutoa taarifa, nami nilikuwa nimerudishwa kwenye kompyuta. Alikaa mbele yangu. Nilimuuliza siku aliyofariki, nikaiandika hiyo kwenye nafasi yake. Siku niliyoandika mimi, kompyuta iliiweka kando, pamoja na jina langu. Msizichanganye hizo mbili kamwe, siku jambo lilipotokea na siku wewe ulipoliandika.

"Umemufuta?" Nabintu aliuliza.

"Hapana. Yumo." Niligeuza skrini, nikamwonyesha mstari kwa kidole, ingawa hakujua kusoma.

Waliitwa mwaka uliofuata, wanne: Nabintu, wavulana wawili, na Leya, na jina lake liliandikwa sawasawa. Basi lilisimama karibu na ofisi asubuhi. Watu walilia, wakaimba, wakapeana nguo. Leya alikuwa na viatu vipya na hakutaka kukanyaga matope. Sikuwa na uhakika kama nisogee, nikabaki mlangoni.

Nabintu ndiye aliyekuja. Hakunikumbatia. Alisimama kama siku ile mezani kwake, akasema, "Kaburi ya Koko iko pale nyuma ya kanisa, unaijua. Sina mutu mwingine wa kumuachia. Wewe uko hapa. Usiache majani imee."

Nikasema sitaacha. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kumbeba Leya amvushe matope.

Ofisini nimeshaacha, macho yalikataa, na jembe nimeliweka nyuma ya mlango. Mwezi huu nimekwenda kaburini kwa Koko mara mbili. Mvua imekuwa nyingi, na majani ya huku yanamea upesi.